Kuchagua Kiwango cha Joto cha Feni ya Umeme ya Rejeta katika Magari ya Zamani

Wapo wamiliki wa magari ya zamani Karatu walioondoa feni inayozungushwa na injini na kufunga ya umeme, ambayo huwashwa na sensa maji yafikapo joto fulani. Je, joto hilo liwe lipi? Mnunuzi huambiwa mara kwa mara kwamba feni ikiwaka mapema ndipo injini huwa salama zaidi. Ushauri huo si sahihi, na humfanya mtu aanze kuupanda mlima wa kutoka lango la Lodoare hadi ukingo wa kreta akiwa na tatizo asilolijua.

Jambo la kwanza kulijua ni namba iliyogongwa kwenye themostati, ambayo kwa kawaida ni 82 au 88. Hilo ndilo joto ambalo themostati huanza kufunguka, na hufunguka yote baada ya joto kupanda nyuzi kama 10 zaidi. Feni iliyowekwa kuwaka kwenye nyuzi 80 haitazimika, kwa sababu themostati yenyewe haiachi maji ya injini yashuke hadi hapo. Itavuta amperi 10 hadi 20, au zaidi, safari nzima, na alteneta ya zamani hulemewa hasa usiku taa zikiwaka.

Kwa themostati ya 82, tunashauri feni iwake kwenye nyuzi 92 hadi 95 na izime karibu na 87. Kwa ya 88, iwake kwenye 97 hadi 100 na izime karibu na 92. Kitabu cha gari kikisema vingine, kifuatwe. Viwango hivi ni vya sensa iliyofungwa upande maji ya moto yanapoingia rejeta. Ikiwa imefungwa chini, yanapotokea, maji yamekwisha kupoa na namba hupunguzwa nyuzi kadhaa.

Wapo watakaosema kwamba huku juu maji huchemka mapema. Ni kweli. Maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100 Dar es Salaam, karibu 95 Karatu, na karibu 92 ukingoni mwa kreta, mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari. Lakini maji ya rejeta hayako wazi. Mfuniko mzima wenye alama ya 0.9 huyabana kiasi kwamba hata ukingoni hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 115, na feni inayowaka kwenye 95 ina nafasi ya kutosha. Mfuniko ambao mpira wake umekauka hauyabani, nayo yatachemka kwenye 92 kabla feni haijawaka. Kumshusha feni hadi 85 hakuponyi hilo. Huficha tu dalili hadi siku gari litakapopanda likiwa na mzigo, kwa gia ndogo, na upepo mchache mbele. Hapo ndipo gasketi ya silinda hedi huungua. Kwa hiyo mfuniko mpya, ambao bei yake ni ndogo, ununuliwe kabla ya sensa. Usifunguliwe injini ikiwa moto.

Desturi ya kuitoa themostati kabisa hatuiungi mkono. Asubuhi za Julai ukingoni injini ya namna hiyo haipati joto lake, hula mafuta mengi na oili yake huchafuka upesi.

Baada ya kufunga, gari liachwe likiunguruma mahali tambarare. Feni inapaswa kuwaka, kuzima, kisha kuwaka tena. Isipozima, kiwango kiko chini mno, au rejeta imeziba. Vumbi jekundu la Karatu hujaa katikati ya mapezi yake na huoshwa kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini. Itazamwe pia feni inapulizia wapi: nyaya zikigeuzwa, hupuliza kinyume cha upepo wa safari, na fundi huilaumu sensa bure.

Sensa nyingi zimegongwa namba mbili, kwa mfano 92 na 87, yaani ya kuwasha na ya kuzima. Isiyo na namba tunashauri isinunuliwe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa. Hivyo namba zote mbili, pamoja na alama ya mfuniko, ziandikwe kwenye risiti.