Kiungio cha Haidroliki Kikivuja, Usikimbilie Spana

Tone moja la mafuta kila sekunde hufanya zaidi ya lita nne kwa siku. Kwa mwenye trekta, tipa au katapila, hizo ni fedha zinazoishia mchangani. Mara nyingi mpira wa haidroliki wenyewe ni mzima. Tatizo liko kwenye kiungio: vimefungwa vipande viwili visivyooana, kisha vikakazwa kwa nguvu ili vikubaliane.

Kabla ya kununua kiungio, uliza swali moja: hiki kinaziba wapi?

Kinachoziba kwa hesi
Hesi zake hupungua unene kuelekea nchani, kwa hiyo kadiri unavyokaza ndivyo zinavyobanana. Kinahitaji tepu nyeupe au gundi ya hesi. Aina hii haipendi mtikisiko, na ukizidisha nguvu tundu inamoingia hupasuka. Inafaa mifumo ya presha ndogo tu.

Kinachoziba kwa koni
Hapa chuma hukalia chuma. Maarufu ni JIC, yenye koni ya digrii 37. Ni imara na huvumilia kufunguliwa mara kwa mara, ila mkwaruzo mmoja kwenye koni unatosha kupitisha mafuta. Usiizungushie tepu: kazi ya hesi zake ni kuvuta koni ikae, si kuziba. Vipande vya tepu hukatika, vikaingia kwenye mafuta na kukwamisha valvu.

Kinachoziba kwa oringi
Aina iitwayo ORFS ina uso bapa wenye mfereji, na oringi hukaa humo. Kwa katapila, ambako presha hukaribia baa 350 na mtikisiko hauishi, hili ndilo chaguo la kwanza. Kwenye tundu la pampu au valvu, tafuta kiungio cha hesi zilizonyooka chenye oringi shingoni.

Jihadhari na pacha wa uongo. BSP na NPT ni viwango viwili vya hesi; za nusu inchi zote zina hesi 14 kwa kila inchi, hivyo moja huingia kwenye nyingine na kushika vizuri tu. Lakini pembe ya hesi ya BSP ni digrii 55, ya NPT ni 60. Mashine ikipata presha, mafuta hutoka. Vivyo hivyo, mashine nyingi za Kijapani zina koni ya digrii 30, na kwa macho ni vigumu kuitofautisha na JIC. Nenda dukani na kipande cha zamani, kipimwe kwa kalipa na geji ya hesi.

Uliza pia oringi ni ya mpira gani. Ya naitraili inafaa mafuta ya kawaida ya haidroliki. Ya EPDM huvimba na kulainika ndani ya mafuta hayo, na zote mbili huweza kuwa nyeusi. Soma pakiti. Hakikisha vilevile kila kiungio kinabeba presha ya mfumo wako, maana kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kikomo cha laini nzima.

Wakati wa kufunga, safisha nyuso, paka oringi mpya mafuta yaleyale ya mfumo, na anza kwa vidole hadi nati ifike mwisho. Kisha tumia spana mbili: moja ishikilie kiungio, nyingine ikaze nati, ili mpira usijipinde. Kipimo cha kukaza kipo kwenye jedwali la mtengenezaji. Kikivuja baada ya hapo, fungua ukague. Kuongeza nguvu kutaharibu hata kilichokuwa kizima.

Usitafute mvujo kwa mkono. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi. Pitisha kipande cha kadibodi, ukiwa umevaa miwani ya kazi. Kabla ya kufungua chochote, shusha ndoo au bodi, zima injini na uchezeshe levya ili presha iishe. Mafuta yakimpenya mtu, asingoje maumivu hata kama kidonda ni kidogo. Awahi hospitali, amweleze daktari waziwazi kwamba ni mafuta ya haidroliki yaliyoingia kwa presha, kwani mara nyingi huhitajika upasuaji wa haraka.