Sianidi Kazini: Elimu ya Usalama kwa Wachenjuaji wa Dhahabu

Kijitabu hiki kinamhusu nani

Kinamhusu kila anayefanya kazi kwenye matangi ya kuchenjulia marudio (mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa) na kwenye mitambo ya elusheni (inayotoa dhahabu kwenye kaboni), iwe Geita, Kahama, Chunya, Mara au kwingine kokote Tanzania dhahabu inakochenjuliwa kwa sianidi: mchanganyaji wa kemikali, mbeba kaboni, fundi bomba, mlinzi wa usiku, kibarua wa siku moja, pamoja na mwenye mtambo anayewalipa wote hao.

Wafanyakazi wengi hupewa kanuni za usalama kama amri tupu: vaa hiki, usiguse kile, usile hapa. Amri ya namna hiyo hudumu mpaka msimamizi atakapogeuza mgongo. Anayejua sababu ya kanuni huifuata hata saa nane za usiku akiwa peke yake. Kwa hiyo kila kanuni humu imeandikwa pamoja na sababu yake.

Sianidi inavyodhuru mwili

Sodiamu sianidi huletwa mtamboni ikiwa vipande au unga mweupe. Ikiyeyushwa kwenye maji yenye chokaa, huitoa dhahabu kwenye mchanga, kisha dhahabu hiyo hunaswa na kaboni. Njia hii iligunduliwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1887, na bado ndiyo inayotegemewa zaidi duniani.

Sumu hii huingia mwilini kwa pua, kwa mdomo, na kwa ngozi au macho. Chini ya theluthi moja ya gramu ikimezwa inaweza kumuua mtu mzima. Ikishaingia, huzuia seli zisitumie oksijeni. Mtu anapumua na damu inabeba hewa kama kawaida, lakini ubongo na moyo haviwezi kuitumia hewa hiyo. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kupumua haraka, kichefuchefu na kulegea. Gesi yake ikiwa nyingi, mtu huanguka na kupoteza fahamu ndani ya dakika chache.

Kanuni ya 1: Chokaa kwanza, sianidi baadaye

pH hupima uasidi wa maji: namba ikishuka, uasidi umepanda. Maji ya tangi yakiwa na pH ya 10.5 au zaidi, sehemu kubwa ya sianidi hubaki ndani ya maji. pH ikishuka hadi 9.2 hivi, karibu nusu yake huwa imegeuka haidrojeni sianidi, gesi inayoua. Kemikali hiyo huchemka kwenye nyuzi joto 26 tu, kwa hiyo haihitaji moto ili ipae.

Utaratibu wake ni huu:

1. Tia maji, kisha chokaa, na koroga.
2. Pima pH kwa mita au karatasi maalumu. Usikadirie kwa macho.
3. Ikifika 10.5 au zaidi, ndipo utie sianidi.
4. Endelea kupima kila zamu na uandike daftarini.

Zidisha upimaji nyakati mbili: msimu wa mvua, kwa kuwa maji ya mvua huipunguza nguvu chokaa, na unapochenjua marudio ya zamani yenye salfa, ambayo hutengeneza asidi yakikaa juani na mvuani kwa miaka.

Kanuni ya 2: Asidi na sianidi zisikutane

Kwenye elusheni, kaboni husafishwa kwa asidi ya haidrokloriki. Kaboni hiyo hiyo imetoka kwenye tangi la sianidi. Hapa ndipo hatari kubwa ilipo: kaboni ambayo haikusuuzwa vizuri ikimwagiwa asidi, gesi hutoka papo hapo, mara nyingi ndani ya chumba kisicho na hewa ya kutosha.

Suuza kaboni kikamilifu kabla ya kutia asidi. Weka asidi na sianidi kwenye stoo mbili zilizo mbali, zenye mifereji tofauti, na kila moja iwe na ndoo na pampu zake. Stoo ya sianidi iwe kavu, ifungwe kwa kufuli na iwe na hewa ya kutosha. Usitumie kizima moto cha kabonidayoksaidi karibu na sianidi, kwa sababu kabonidayoksaidi ikichanganyika na unyevu hufanya asidi.

Kanuni ya 3: Usitegemee pua

Inasemwa kwamba gesi ya sianidi inanuka kama lozi chungu. Ni kweli kwa baadhi ya watu, lakini wapo wengi ambao kwa maumbile yao hawaisikii harufu hiyo kabisa. Pua haiwezi kuwa kipimo.

Kinachotakiwa ni kifaa cha kupima gesi kinachovaliwa kifuani. Vifaa vingi hutegwa vilie gesi inapofikia sehemu 4.7 katika milioni moja za hewa. Kikilia, acha kila kitu, toka, na simama upande upepo unakotokea. Usirudi kuchukua simu wala koleo.

Kanuni ya 4: Jikinge, na nawa

Anayechanganya sianidi avae glavu za mpira zinazofika kwenye kiwiko, buti za mpira, aproni, miwani iliyofunika macho pande zote na barakoa yenye chujio la gesi ya sianidi. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Suruali ipite juu ya buti, isichomekwe ndani, ili kimiminika kisiingie mguuni.

Usile, usinywe wala usivute sigara eneo la kazi. Nawa kwa sabuni kabla ya kula. Nguo za kazi zifuliwe kazini. Usizipeleke nyumbani kwa watoto.

Mahali pengi mfanyakazi wa kemikali hupewa pakiti ya maziwa kila siku ili “yakate sumu”. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayazuii wala hayaondoi sumu ya sianidi, na hayachukui nafasi ya glavu au barakoa.

Kanuni ya 5: Pipa lililokwisha bado lina sumu

Mabaki yaliyoshika kwenye kingo yanatosha kuua. Pipa lisuuzwe, maji ya kusuuzia yarudishwe tangini, kisha pipa litobolewe na kubondwa lisitumike tena. Lisiuzwe, lisigawiwe na kamwe lisitumike kuhifadhia maji ya kunywa.

Mwenzako akianguka

Huruma humfanya mtu akimbilie ndani bila kujikinga, na hapo wanaokufa huwa wawili. Fuata hatua hizi:

1. Piga kelele au king'ora. Usiingie kama huna kifaa cha kupumulia chenye mtungi wa hewa.
2. Akishatolewa na kufikishwa kwenye hewa safi, aliyevaa glavu amvue nguo zilizolowa na amwoshe kwa maji mengi. Macho yasafishwe kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi.
3. Usimpulizie pumzi mdomo kwa mdomo. Sumu itahamia kwako. Aliyefunzwa ampe oksijeni.
4. Usimtapishe. Akiwa amezimia, usimpe chochote mdomoni.
5. Mkimbize hospitali pamoja na lebo au karatasi ya taarifa za usalama wa kemikali. Zimamoto hupigiwa namba 114.

Mwenye mtambo azungumze na hospitali ya karibu mapema, ajue kama ina dawa ya sumu ya sianidi.

Mafunzo ni haki yako

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inamtaka mwajiri atoe mafunzo na vifaa kinga, na wafanyakazi wapimwe afya. Inamtaka mfanyakazi naye afuate maelekezo ya usalama. Kemikali zenyewe zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya Sheria Na. 3 ya 2003. Aidha, Tanzania iliridhia mwaka 1999 Mkataba Na. 170 wa Shirika la Kazi Duniani, unaompa mfanyakazi haki ya kuondoka kwenye hatari kubwa iliyo karibu bila kuadhibiwa isivyo haki.

Mafunzo ya kweli hutolewa kabla ya kazi kuanza, kwa lugha anayoielewa mfanyakazi, na kwa vitendo: kuvaa barakoa, kupima pH, kumtoa mtu eneo la hatari. Yarudiwe kila mara, na kibarua wa siku moja asirukwe.

Kabla ya kufungua pipa la kwanza, muulize msimamizi:

- pH ya tangi sasa hivi ni ngapi, na ilipimwa saa ngapi?
- Asidi imehifadhiwa wapi?
- Kifaa cha kupima gesi kiko wapi, na kinafanya kazi?
- Maji ya kuoshea macho yako umbali gani?
- Mtu akianguka, nani anaingia kumtoa, na kwa kifaa gani?

Msimamizi makini atakujibu bila kukasirika, maana majibu hayo yanamlinda yeye pia. Swali lolote likikosa jibu, pipa libaki limefungwa mpaka jibu lipatikane.