Kabla ya Kuchapa Fulana, Shika Kitambaa

Mteja akinionyesha picha kwenye simu na kuniuliza bei, mimi humuuliza fulana yenyewe ni ya kitambaa gani. Wengi hushangaa, maana wamekuja kuzungumzia nembo na rangi. Lakini kitambaa ndicho kinachoamua njia ya kuchapa, na Kariakoo fulana za pamba na za poliesta hutundikwa pamoja, nyingine bila lebo. Chomoa uzi kwenye pindo, uuchome kwa kiberiti. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, ikaganda kidonge kigumu.

Kama ni pamba na idadi ni kubwa, tuseme sare za kwaya au fulana za mahafali, chagua skrini. Kila rangi ya mchoro hutengenezewa fremu yake yenye wavu, na fremu ndizo zinazokula fedha. Zikishakuwa tayari, kuongeza fulana nyingine ni gharama ndogo. Kwa hiyo mchoro wa rangi moja au mbili kwa watu mia unalipa. Wa rangi sita kwa watu kumi ni hasara tupu. Uliza pia habari za joto. Wino wa plastisoli haukaushwi na jua wala upepo: unataka kama nyuzijoto 160, na joto hilo lifike hadi chini ya wino. Fundi mwenye haraka huupasha juu juu, ukaonekana umekauka, kisha ukaanza kumeguka kwenye beseni. Vuta sehemu iliyochapwa kwa mikono miwili. Ikipasuka, haijaiva.

Idadi ikiwa ndogo na picha ina rangi nyingi, kwa mfano sura ya marehemu kwenye fulana za arobaini, DTF inafaa zaidi. Picha huchapwa kwenye filamu, wino mweupe ukaja nyuma yake, hunyunyiziwa unga wa gundi, kisha hugandishwa kwenye nguo kwa mashine ya joto. Inakubali pamba na poliesta, nyeusi na nyeupe. Siipendi inapofunika kifua kizima, kwa sababu tabaka lile halipitishi hewa, na kwa joto la Dar es Salaam mvaaji ataloa jasho. Punguza ukubwa wa picha.

Jezi nyeupe za poliesta nazipeleka kwenye sablimesheni. Wino hugeuka mvuke karibu na nyuzijoto 200 na kuingia ndani ya nyuzi zenyewe. Ukipitisha mkono hugusi kitu, na hakuna cha kubanduka. Ila njia hii haina wino mweupe, hivyo haifai kwa nguo nyeusi, na kwenye pamba picha hufifia kwa kufuliwa.

Jezi nyekundu ya poliesta ndiyo inayoumiza timu nyingi. Rangi ya kitambaa ikipata joto kali hupanda hadi kwenye namba nyeupe. Siku ya kuchukua mzigo namba zinang'aa. Baada ya muda zimekuwa za waridi, na hakuna sabuni itakayozirudisha. Dai vinaili au wino uliotengenezwa kuzuia rangi kupanda, na fundi atumie joto la chini.

Fomu siksi, yaani fulana zenye kola, za ofisini zenye nembo ndogo kifuani usizichape kabisa. Zidarizi.

Njia yoyote utakayochagua, usimalize malipo kabla ya kupewa fulana moja ya sampuli. Ifue kwa mkono na sabuni ya unga, uisugue kama itakavyosuguliwa nyumbani, uianike, kisha uigeuze ndani nje ndipo uipige pasi. Fundi akikataa kukupa sampuli, peleka kazi kwa mwingine.