SOMO: ANTIJENI ZA TEGU WA NGURUWE NA CHANJO YAKE

Watumishi wa Serikali na wananchi wanajulishwa kuwa somo la toleo hili linahusu swali ambalo mfugaji wa Iramba au Mkalama, Mkoani Singida, ana haki ya kuliuliza: je, chanjo iliyobuniwa ng'ambo itamkinga nguruwe wake dhidi ya tegu wa hapa nchini?

Ieleweke kwanza kuwa tegu huyu, Taenia solium, akikomaa huishi katika utumbo wa binadamu peke yake. Mayai hutoka pamoja na kinyesi, nguruwe azururaye huyala, na lava hujenga vifuko vyeupe katika misuli yake. Alaye nyama hiyo bila kuiva hupata tegu. Lakini mayai yakimwingia mtu kwa maji, mboga au mikono michafu, lava huweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Hivyo hata asiyegusa nyama ya nguruwe maisha yake yote hayumo nje ya hatari, jambo ambalo wengi hulisahau. Katika Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, jirani na mpaka wa Singida, picha za ubongo za baadhi ya wagonjwa wa kifafa zilionyesha madhara ya lava hizo. Hayo si mapepo.

Chanjo ya TSOL18 ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, na wataalamu walioongozwa na Marshall Lightowlers. Hutumia antijeni moja, yaani protini aliyo nayo lava anapoanguliwa. Kingamwili za nguruwe aliyechanjwa huitambua protini hiyo kwa umbo lake, na lava huuawa kabla ya kujenga kifuko. Hapo ndipo tofauti za jeni zinapohusika: badiliko dogo huenda lisiwe na athari, bali likigeuza umbo, kingamwili hukosa pa kushika.

Hofu hiyo ina msingi. Chanjo ya EG95, inayomkinga kondoo dhidi ya tegu mdogo wa mbwa, ilitokana na aina ya tegu wa kondoo. Katika aina ya ngamia, ipatikanayo Turkana, Kenya, jeni ya antijeni hiyo ni tofauti, wala haifai kudhani tu kwamba chanjo itafanya kazi sawasawa.

Kwa TSOL18 hali ni njema zaidi. Ingawa tegu wa nguruwe wa Asia hutofautiana kijeni na wale wa Afrika na Amerika ya Kusini, jeni ya TSOL18 imebadilika kidogo sana. Chanjo ilikinga nguruwe Meksiko, Peru na Kameruni. Katika jaribio la vijijini Kameruni, lililochapishwa mwaka 2010, hakuna nguruwe aliyechanjwa na kupewa dawa ya oksifendazoli aliyekutwa na lava hai. Hapa nchini ilijaribiwa katika wilaya za Mbeya na Mbozi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Hata hivyo, kwa maoni yetu, ni busara vifuko vitakavyokutwa machinjioni baada ya chanjo vihifadhiwe na jeni zake zilinganishwe.

Wafugaji wazingatie kuwa chanjo haiui vifuko vilivyokwisha kujengeka. Kazi hiyo ni ya oksifendazoli. Nguruwe huchanjwa mara mbili, kwa nafasi ya wiki 3 hadi 4, na hachinjwi kabla ya muda wa dawa ulioandikwa kwenye chupa kumalizika.