Mashine ya Boti Isikudanganye kwa Rangi Mpya

Leo tunakaa ufukweni kidogo.

Mdogo wangu mmoja wa Bagamoyo ameniandikia. Yeye na wenzake watano wanauza samaki, wameweka akiba kwenye kikundi cha VICOBA miaka mitatu, na sasa wameonyeshwa boti ya faiba yenye mashine ya farasi 40. Muuzaji anawaambia mashine inang'aa kama imetoka dukani jana. Swali lake ni fupi: "Dada, nitajuaje kama imeliwa na chumvi?"

Mdogo wangu, umeuliza kabla ya kulipa, na hapo umeshajisaidia nusu ya safari. Faiba ikitoboka huzibwa. Mashine iliyoliwa kwa ndani itawamalizia akiba kipuri kimoja kimoja, na siku mbaya itawazimikia katikati ya maji.

Kwanza tuelewane kuhusu kutu yenyewe. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi. Mashine ya boti hujipoza kwa maji hayohayo: inayavuta kutoka chini, yanazunguka ndani, kisha inayatema. Kwa hiyo chumvi hupita tumboni mwake kila siku ya kazi. Mwenye mashine anayejua thamani yake huisafisha kwa maji baridi, yale ya bomba au kisima, dakika kumi au kumi na tano kila akirudi. Muulize muuzaji anafanyaje. Akibabaika, umeshapata jibu.

Kutu nyekundu kwenye boliti isikutishe sana. Hiyo ni ya chuma, na boliti hununuliwa. Sehemu kubwa ya mashine hii ni alumini, na alumini ikiliwa haiwi nyekundu. Hutoa unga mweupe kama chokaa. Tazama mahali rangi ilipovimba kama lengelenge, hasa kuzunguka boliti na chini karibu na rafadha. Likwaruze kwa ukucha. Likipasuka na kutoa unga, bonyeza kwa ncha ya bisibisi. Alumini ikiwa ngumu, ni ugonjwa wa ngozi tu. Ncha ikizama, mashine hiyo imeoza.

Sasa nakuja kwenye rangi mpya. Mimi mwenyewe niliwahi kumsindikiza ndugu yangu kununua mashine Tanga. Ilikuwa imepulizwa rangi nyeusi mpaka ukijitazama unajiona. Tukafurahi, tukalipa. Haikufika mwezi, maji yakaanza kuvuja ubavuni, na fundi alipoikwangua akakuta rangi imepakwa juu ya unga mweupe na gundi ya kuzibia. Tangu siku ile, mashine kuukuu yenye rangi mpya naitazama mara mbili. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Afadhali uuziwe mashine iliyochubuka, ambayo kidonda chake unakiona.

Kwenye sehemu inayokaa chini ya maji, tafuta kipande cha zinki kilichofungwa karibu na rafadha. Kazi yake ni kuliwa badala ya mashine. Kikiwa kimeliwa kiasi, ni dalili njema, maana kinafanya kazi. Kikifika nusu hubadilishwa. Kama kimeisha kabisa, jua chumvi imehamia kwenye alumini. Na kama kimepakwa rangi, hakiwezi kuilinda mashine. Ukiambiwa mashine imetoka Mwanza, imefanya kazi Ziwa Victoria tu, hiyo ni sifa kweli, kwa kuwa maji ya ziwa hayana chumvi kama ya bahari. Lakini usiichukue kwa maneno. Fungua kava, utazame nyaya na viungio vyake. Ukikuta ukoko wa kijani kwenye shaba na chumvi imeganda pembeni, mashine hiyo imeijua bahari, na huenda hata ilizama.

Kuna mambo ambayo jicho halitayaona, na hapo mchukue fundi wako. Nasema wako, asiwe rafiki wa muuzaji. Mlipe siku yake. Mwambie afungue kifuniko cha termostati, maana ndipo chumvi hupenda kujenga ukuta na kuziba njia za maji. Mkubaliane na muuzaji mapema, mbele ya shahidi, nani atalipa boliti ikikatika. Atoe plagi azitazame kama zina kutu, apime kompresheni ya kila silinda. Vipimo vikipishana zaidi ya asilimia kumi hivi, kuna silinda inayoumwa. Afungue oili ya gia: ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Kisha iwashwe. Kabla haijawashwa, weka kiganja chako juu yake. Iwe ya baridi. Ukikuta ina joto, wameiamsha kabla hujafika ili isikusumbue mbele yako. Iwekwe kwenye pipa la maji au baharini kwenyewe, isiwashwe ikiwa kavu hata kidogo, maana pampu ya maji itaungua. Ikishawaka, tazama mchirizi unaotoka pembeni. Utoke kwa nguvu, bila kukatika, dakika kumi na zaidi. Ukinyong'onyea, ama pampu imechoka ama njia zimeziba chumvi.

Jambo moja zaidi. Soma namba ya mashine, uilinganishe na karatasi za mauziano. Ukiambiwa "namba imeliwa na chumvi" na wewe unaona alama za tupa, ondoka. Chumvi haikwangui kwa mstari ulionyooka.

Mdogo wangu, dosari zinazotengenezeka zisikukimbize. Zinki, pampu ya maji na boliti za kawaida ziandike, ulizie bei zake, kisha uzikate kwenye bei ya muuzaji. Lakini alumini iliyooza, kompresheni iliyopishana au namba iliyokwanguliwa, hapo hakuna cha kupatana. Na msimalize akiba yote siku ya kununua. Bakizeni ya matengenezo ya mwanzo.

Nendeni wote sita, mtazame kwa macho yenu. Muuzaji akikuharakisha kwamba kuna mteja mwingine njiani, mwambie amuuzie huyo. Hela yenu mmeichuma miaka mitatu. Siku moja ya kukagua si kitu.