SOMO LA VIKUNDI: KUTA NA PAA NI SAFARI MOJA

Namna ya kujenga nyumba bila kukwama katikati



Ukizunguka mlima wa Kasigau, kutoka Rukanga mpaka Jora, Bungule na Makwasinyi, kuna kitu utakiona mara kwa mara: kuta zisizo na paa. Mti umeota mahali palipokusudiwa kuwa sebule. Mbuzi wanalala chumba cha wageni. Ukimwuliza mwenyewe atakujibu kwa unyenyekevu, "Tunajenga." Tangu lini? "Tangu huyu kijana alipokuwa darasa la tatu." Na kijana mwenyewe sasa ana mtoto.

Hatusemi haya kwa kucheka mtu. Sisi wenyewe tumo. Ndiyo maana tumeona mwezi huu tujifunze jambo hili pamoja.

SHABAHA YA SOMO: Kila mwanakikundi ajue kupanga ujenzi wake kwa hatua, na kila hatua iishie mahali ambapo nyumba inaweza kungoja bila kuharibika.

MAANDIKO YA KUSOMA: Luka 14:28-30, Mithali 24:27, Nehemia 3 na 6:15.

1. Yaliyotupata sisi

Miaka kadhaa iliyopita kikundi chetu kilimkopesha mama mmoja, mjane, ili ajenge nyumba ya vyumba viwili. Tulikubaliana apewe mkopo kwa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza tukampa mwezi wa nane. Msingi ukachimbwa, kuta zikapanda haraka, na kila mtu akamsifu. Mwanzo wa mwezi wa kumi kuta zilikuwa zimefika juu ya madirisha.

Akaja kuomba sehemu ya pili anunue mabati. Jameni, pesa hazikuwepo. Wanachama sita walikuwa hawajarudisha mikopo yao, na hakuna mtu aliyewafuata. Tukamwambia, "Mama, vumilia kidogo."

Mvua ya vuli haikuvumilia. Matofali yalikuwa yameungwa kwa udongo. Maji yakaingia kwa juu, yakaosha udongo, na usiku mmoja ukuta wa upande wa jikoni ukalala chini. Asubuhi tulikwenda kumpa pole. Hakutulaumu. Aliuliza neno moja tu: "Mkopo nitaulipa?" Naam, aliulipa. Alilipa deni la nyumba ambayo haikuwepo.

Tulipoketi kujichunguza, tuliona fundi hakuwa na kosa, wala mvua haikuwa na kosa, maana vuli huja kila mwaka. Kosa lilikuwa la kukubali ukuta uanze kupanda kabla mabati hayajapatikana. Hapo ndipo tulipojifunza msemo tunaoutumia mpaka leo: kuta na paa ni safari moja.

2. Vituo vya kupumzika

Watu wengi wa kijijini hawana pesa za kumaliza nyumba mara moja, na hiyo si aibu. Kujenga kidogo kidogo ni sawa kabisa. Lakini mtu anayesafiri kwa miguu hupumzika penye kivuli, hakai katikati ya mto. Nyumba nayo ina vituo vitatu:

Kituo cha kwanza: msingi. Msingi uliokwisha kujengwa vizuri hadi juu ya ardhi, ukajazwa na kushindiliwa udongo ndani, unaweza kungoja hata mwaka mmoja. Funika juu yake, na chimba mfereji mdogo wa kupitisha maji ya mvua mbali.

Kituo cha pili: kuta pamoja na paa. Hapa katikati hakuna kivuli. Ukiweka mstari wa kwanza wa matofali, hakikisha kwamba matofali yote, mbao, misumari, mabati na malipo ya fundi wa paa viko tayari. Kama havijakamilika, kaa kwenye msingi na uendelee kuweka akiba.

Kituo cha tatu: milango, madirisha, sakafu na lipu. Haya unaweza kuyafanya chumba kwa chumba, hata kwa miaka miwili, maana uko chini ya paa. Wengine huhamia chumba kimoja na kuendelea na vingine polepole.

Mithali 24:27 inatushauri tutengeneze kwanza kazi za nje na shamba, ndipo tujenge nyumba. Na Bwana Yesu katika Luka 14 anamtaja mtu wa mnara aliyeanza bila kuhesabu, majirani wakamcheka. Kuhesabu kabla ya kuanza si kukosa imani.

3. Akina mama waliotutangulia

Kununua mabati kwanza si jambo geni Kenya. Miaka ya 1960, akina mama wa sehemu za Kati walianzisha vikundi vilivyojulikana kama vikundi vya mabati. Walichanga pamoja, wakamnunulia mmoja wao mabati, kisha zamu ikaenda kwa mwingine, mpaka nyumba za nyasi zikabadilika.

Hata hapa kwetu tuna mfano. Akina mama wa Mraru, upande wa Voi, walikuwa wakiachwa barabarani kwa sababu mabasi yalipita yakiwa yamejaa. Wakaamua kununua basi lao. Hawakukimbilia mkopo siku ya kwanza. Walichanga kidogo kidogo kwa miaka, ndipo wakakopa kilichopungua, na mwaka 1975 basi likapatikana. Haba na haba hujaza kibaba, lakini lazima kibaba kiwe na mlinzi.

Tunashauri hivi: kama kikundi chenu kina mzunguko wa kuchangiana, fanyeni mzunguko mmoja wa mabati. Mtu asipewe pesa mkononi. Apewe mabati, yaandikwe kwenye kitabu cha kikundi, na yahifadhiwe pakavu. Pesa ina miguu. Bati halikimbii karo ya shule.

4. Mambo yanayochelewesha, na dawa yake

(a) Mpaka wa shamba. Kuna ujenzi uliosimamishwa msingi ukiwa umeshachimbwa, kwa sababu ndugu alitokea akasema, "Hapa ni pangu." Kabla ya kuchimba, waite wazee, majirani na jamaa, mtembee mpaka pamoja. Andikeni na mweke sahihi. Kama ni ploti ya senta, uliza mapema ofisi ya kaunti kuhusu kibali cha ramani. Usingoje mpaka uandikiwe alama nyekundu ukutani.

(b) Kubadilisha mawazo. Nyumba ni yako na una haki ya kuitaka unavyopenda. Lakini itake kabla fundi hajaanza! Mume anataka madirisha mawili, mke anataka matatu, na kijana aliye Mombasa anatuma pesa kwa simu na kuamuru choo kiwe ndani. Kila badiliko ni kubomoa, kununua tena na kungoja. Ketini nyote, hata kama ni kwa simu. Chukueni kamba na vijiti, pimeni vyumba vyote juu ya ardhi. Ingieni "chumbani", wekeni kitanda, muone kama mlango utafunguka. Mkisharidhika, chagueni mtu mmoja ambaye fundi atamsikiliza. Akiagizwa na watatu, atamtii wa mwisho kupiga simu.

(c) Fundi aliyelipwa mapema. Fundi naye ana shida zake nyumbani. Ukimpa pesa yote mwanzoni, kesho yuko kwenye mjengo mwingine anatafuta ya kesho kutwa. Andikeni mkataba nakala mbili, mbele ya shahidi wa kikundi, na mlipe kwa hatua. Tuseme kazi yote ni shilingi 60,000: msingi ukiisha 15,000, kuta zikifika kwenye linta 15,000, paa likiisha 15,000, na zilizobaki kazi ikikamilika na kukaguliwa. Na wewe uwe mwaminifu. Hatua ikiisha, mlipe siku hiyo hiyo. Mafundi wengi hupotea kwa sababu mwenye nyumba ndiye aliyevunja ahadi kwanza.

(d) Usafiri. Vifaa vyetu vingi hutoka Voi au Maungu, na lori moja la kuleta mifuko michache linakula faida yote. Kama wanachama watatu wanajenga mwaka huo, waagize pamoja. Kumbukeni pia barabara ya vumbi na mvua. El Niño ya 1997, na tena mvua kubwa za mwisho wa 2023, zilitukumbusha kwamba lori lililoahidiwa kesho linaweza kukaa wiki nyingi.

(e) Saruji iliyoganda. Usinunue saruji ya mwaka mzima kwa sababu bei ni nzuri. Ikikaa zaidi ya miezi mitatu nguvu yake hupungua, na ikipata unyevu ni jiwe. Iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na anza kutumia iliyotangulia kufika. Mabati na misumari ndivyo vya kununua mapema.

(f) Kukimbiza zege. Kuna kucheleweshwa, na kuna kungoja kwa faida. Zege na matofali ya udongo yaliyochanganywa na saruji yanahitaji kumwagiwa maji na kufunikwa siku 7 angalau. Fundi akisema, "Mama, limeshakauka, tuendelee," mwambie limekauka lakini halijakomaa. Ukiokoa siku nne hapo, utapoteza miezi mingi kuziba nyufa.

5. Maji: shida yetu ya pekee

Watu wa sehemu zenye mito hawawezi kuelewa jambo hili, lakini hapa kwetu ujenzi mwingi hukwama kwa sababu ya maji. Tufanye hesabu. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ukichanganywa kuwa zege hunywa kama lita 25 hadi 30. Mifuko 20 ni lita 500 hadi 600, yaani mitungi 25 hadi 30 ya lita 20, na hapo hujamwagilia kitu, wala kibarua hajanywa. Ukianza kazi ya zege wakati bomba limekauka, utamlipa fundi akae kivulini akingojea punda.

Basi pangeni kazi ya msingi mara baada ya masika, mwezi wa sita, wakati mabwawa bado yana maji. Maji ya ujenzi yawekwe kwenye mapipa yenye vifuniko, karibu na watu. Tunaishi kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ndovu mwenye kiu hataulizia risiti.

Na hapa kuna baraka ya kufunga paa kabla ya sakafu na lipu. Paa lenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 8 likinyeshewa mvua ya milimita 20 tu, hupokea lita 960. Hata nyingine zikipotea, ukiwa na mfereji wa bati na tangi utapata zaidi ya lita 700, yaani mitungi 35. Nyumba inajitekea maji ya kujimalizia!

6. Kalenda ya kufuata

Mwezi wa kwanza hadi wa tatu: kupima, kuelewana nyumbani, kutembea mpaka, kupata hesabu ya vifaa iliyoandikwa na fundi. Katika kila shilingi 10 za hesabu hiyo, ongeza moja ya dharura.

Mwezi wa nne na wa tano: masika, lima, weka akiba, nunua mabati.

Mwezi wa sita na wa saba: msingi, kutengeneza matofali na kuyamwagilia.

Mwezi wa nane: KIKAO CHA UAMUZI. Mweka hazina na mwenye nyumba wahesabu vifaa kwa macho, si kwa maneno. Kama kuta na paa vyote viko tayari, endeleeni. Kama hapana, funikeni msingi mpaka mwaka ujao.

Mwezi wa tisa: kuta na paa. Mabati yawe juu kabla vuli haijaanza mwezi wa kumi.

Angalieni pia shule. Mwezi wa kufungua shule usiwe mwezi wa kulipa fundi, kama hukuitenga karo mapema. Kati ya mtoto na ukuta, ukuta ndio utangoje.

7. Kazi ya kikundi

Nehemia alimaliza ukuta wa Yerusalemu kwa siku 52. Ukisoma sura ya 3 utaona siri yake: wengi walijenga sehemu iliyoelekea nyumba zao wenyewe, na kila kundi lilijua linaanzia wapi na kuishia wapi. Kikundi nacho kijue kazi yake. Kama mmeahidi mkopo wa sehemu mbili, sehemu ya pili iwe imewekwa benki kabla ya kutoa ya kwanza. Sisi hatukufanya hivyo, na mjane akalipia.

Mama yule alijenga tena. Safari hii tulimpelekea mabati kwanza, akayalaza chini ya kitanda chake miezi mitano. Majirani walimtania kwamba analalia paa. Mwezi wa tisa kuta zilipanda na kufunikwa ndani ya wiki tatu, na vuli ilipokuja alitutumia ujumbe: "Naisikia mvua juu. Niko ndani."

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu kuna nyumba ngapi zenye kuta bila paa? Zilikwama kwa sababu gani?
2. Kikundi chetu kimewahi kumchelewesha mwanachama? Tulimwomba radhi?
3. Nani nyumbani kwako ana neno la mwisho kwa fundi? Mmeelewana hivyo, au mnadhani tu?
4. Kati ya wanachama wetu, nani anaweza kusaidiwa kufunika paa kabla ya vuli ijayo?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO: Kila mmoja mwenye nia ya kujenga alete karatasi moja yenye mambo matatu: kituo alichofikia, vifaa alivyo navyo mkononi, na vinavyopungua ili afike kituo kinachofuata. Mwenyekiti asome, na kikundi kiamue nani atangulie.

Bwana aibariki kazi ya mikono yenu.