SOMO LA MWEZI: William Tyndale – Maana ya Jina Lake na Asili Yake



Siku chache zilizopita baba mmoja alikuja kwangu kuandikisha mtoto wake ili awekwe wakfu. Nikamwuliza, "Mtoto anaitwa nani?" Akajibu, "Mchungaji, andika majina mawili ya Kiingereza tu, la kwanza na la ukoo. Jina la babu yake nimeliacha. Litamsumbua mbele ya safari, na hata makarani hawawezi kuliandika."

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe kadi yangu ya chakula ina jina langu kwa herufi tofauti na zile zilizo kwenye cheti changu cha chuo. Lakini nilimwomba tukae chini kwanza, tuangalie majina hayo ya Kiingereza yalitoka wapi. Somo la leo limetoka katika mazungumzo yale. Tutachukua jina la mtu mmoja, William Tyndale, aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiingereza kutoka Kiyunani.

1. WILLIAM

Wengi hudhani William ni jina la Kiingereza tangu mwanzo. Sivyo. Ni jina la lugha za kale za Kijerumani, na lina sehemu mbili. Ya kwanza, "wil", maana yake ni nia au mapenzi. Ya pili, "helm", ni kofia ya chuma ya askari, ile ambayo Biblia yetu inaiita chapeo (soma Waefeso 6:17). Kwa hiyo William ni mtu mwenye nia thabiti na kinga ya vita.

Jina hili lilienea Uingereza baada ya mwaka 1066, wakati William, mtawala wa Normandy huko Ufaransa, alipovuka bahari na kuiteka nchi ile. Kwa hiyo Waingereza walilipokea jina hili kwa wageni waliowashinda vitani. Baadaye wakalipenda, wakawapa watoto wao kwa wingi. Sisi tuliotoka Kongo tunalijua kwa Kifaransa: Guillaume. Wajerumani husema Wilhelm. Jina ni lile lile, limebadilisha nguo tu kila lilipovuka mpaka.

2. JINA LA UKOO LILIANZA VIPI?

Zamani Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Lakini kijiji kikiwa na akina William watano, utamwita yupi? Watu wakaanza kuongeza neno la kumtambulisha mtu. Kati ya miaka ya 1100 na 1400 hivi, maneno hayo yakaanza kurithiwa na watoto. Yako ya aina nne, na zote nne tunazikuta pia katika Biblia:

a) Jina la baba. Wilson ni "mwana wa Will", yaani wa William. Johnson ni "mwana wa John". Vivyo hivyo Petro aliitwa Simoni Bar-Yona, mwana wa Yona (Mathayo 16:17). Wako ndugu zetu hapa ambao Wilson ni jina lao la kwanza. Kwa asili yake ni jina la ukoo.

b) Jina la kazi. Smith ni mhunzi. Baker ni mwoka mikate. Taylor ni fundi wa kushona nguo. Linganisha na Simoni mtengenezaji wa ngozi (Matendo 10:6).

c) Jina la utani au la umbo. Short ni mfupi, Armstrong ni mwenye mkono wenye nguvu. Linganisha na Toma aitwaye Pacha (Yohana 11:16).

d) Jina la mahali. Linganisha na Yusufu wa Arimathaya, na zaidi ya wote, Yesu wa Nazareti.

3. TYNDALE

Tyndale ni la aina hii ya nne. Tyne ni mto ulio kaskazini ya Uingereza, karibu na mpaka wa Scotland. "Dale" ni bonde. Kwa hiyo Tyndale ni mtu wa bonde la mto Tyne.

Sasa tazameni jambo moja. William Tyndale alizaliwa karibu na mwaka 1494 huko Gloucestershire, magharibi ya Uingereza, mbali sana na mto huo. Kwa nini basi aitwe mtu wa bonde la Tyne? Fikirini wenyewe. Mtu akikaa Uvira, hakuna amwitaye "mtu wa Uvira", maana wote ni wa Uvira. Huitwa hivyo akishatoka. Jina la mahali hupewa mtu aliyehama. Huko ugenini majirani humwuliza, "Umetoka wapi?" na jibu lake linakuwa jina lake, kisha jina la wajukuu wake.

4. JINA LILILOFICHWA

Yako mengine zaidi. Ukoo huo ulikuwa na jina la pili, Hychyns, ambalo leo huandikwa Hutchins. Hilo ni la aina ya kwanza, linatokana na jina Hugh. Tyndale aliposoma Oxford, ambako alipata shahada mwaka 1512 na nyingine mwaka 1515, aliandikwa kwa jina la Hychyns.

Kwa nini majina mawili? Masimulizi ya ukoo, yaliyoandikwa katika barua ya karne ya 17, yanasema hivi: wakati wa vita vya York na Lancaster, vilivyoanza mwaka 1455, babu yao alikimbia kutoka kaskazini. Alipofika Gloucestershire alificha jina lake, akajiita Hutchins. Baadaye, hatari ilipopita, aliwaambia watu wake jina la kweli.

Wapendwa, ni wangapi kati yetu tuliwahi kufanya hivyo kwenye kizuizi cha barabarani? Sitaki mkono unyoshwe. Lakini angalieni: yule mzee alificha jina, hakulitupa. Aliwaachia watoto wake.

5. JINA KWENYE KITABU

William mwenyewe naye akawa mkimbizi. Mwaka 1524 alihamia Ujerumani, kwa kuwa nchini kwake hakuruhusiwa kutafsiri Maandiko. Agano Jipya lake lilichapishwa katika mji wa Worms mwaka 1526 bila jina lake. Mwaka 1528 alieleza sababu: alitaka kufuata shauri la Bwana la kutenda mema kwa siri (soma Mathayo 6:1-4).

Lakini mwaka 1534 mtu mwingine, George Joye, alibadilisha maneno katika tafsiri yake na kuichapisha bila kutaja aliyeibadilisha. Tyndale akatoa toleo lake lililosahihishwa, na safari hii akaweka jina lake, ili msomaji ajue ni nani wa kumwuliza. Kwa hiyo jina ni sahihi ya mtu. Alikamatwa Antwerp mwaka 1535, akauawa Vilvoorde mwaka 1536. Maneno yake mengi yaliingia katika Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611.

Na jina lake liliandikwaje? Tyndale, Tindale, Tyndall, Tindal. Makarani wa Uingereza nao walikosea!

6. TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, jina la Kiingereza si takatifu kuliko la kwetu. Wao nao waliita watoto kwa mito, mabonde, kazi na baba zao. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1972, Mobutu alipokataza majina ya Kikristo ya kigeni huko Zaire. Ilikuwa makosa kumnyang'anya mtu jina la ubatizo. Tusifanye kosa hilo kwa kugeuza upande, tukiwanyang'anya watoto jina la babu.

Pili, kwa ndugu zetu wa Burundi na Rwanda, ambako kwa desturi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe: fomu ikiuliza jina la ukoo, eleza desturi hiyo mapema, watoto wa tumbo moja wasije wakaonekana si ndugu.

Tatu, chagua namna moja ya kuandika jina na uitumie kwenye karatasi zote. Penye kosa, omba lisahihishwe mapema.

Nne, mwandikie mtoto maana ya jina lake katika daftari, pamoja na mahali lilikotoka.

Yule baba alirudi Jumapili. Mtoto ameandikwa William, na jina la babu yake limefuata, herufi zote. Tulimsaidia karani kulisoma.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Jina lako lina maana gani, na ni nani aliyekupa?
2. Je, watoto wako wanajua jina la kijiji ulikozaliwa?
3. Soma Matendo 4:36. Barnaba alikuwa na majina mangapi, na alitoka wapi?

Bwana awabariki.